Mnatufundisha kukata, nani atatufundisha kutokata?

Najua nimekuwa kimya muda mrefu. Kazi za huku haziishi na baridi ya mwaka huu ni ya kutafuna mifupa. Lakini leo sina budi kusema, maana maneno yamenijaa kifuani tangu lile zogo la kwenye kundi letu la WhatsApp, na mama mdogo ameshanipigia mara mbili kuniuliza kama ni kweli "nimemkataa mtoto".

Kwa ambao hamkuwepo, ni hivi. Mtoto wa binamu yangu, miezi minne, ana uvimbe mwekundu kwenye mdomo wa juu. Picha ikatumwa. Haikupita saa moja mjomba ameshafungua daftari la michango, shangazi ameshampata "daktari mzuri" wa kumkata wiki hiyo hiyo, na watu wanaandika elfu ishirini, elfu hamsini. Mimi nikaandika neno moja tu: MSIKATE. Basi ikawa nongwa! Eti nimesomea taya na uso Marekani miaka yote hii halafu damu yangu mwenyewe naizuia isitibiwe. Mmoja wenu (namsitiri) akasema naogopa kuchangia.

Nilichangia, mjomba ni shahidi yangu.

Sasa jamani, hasira niliyonayo si yenu. Wazo kwamba uvimbe ukionekana dawa yake ni kisu hamkulitoa hewani, mmelipata kwetu sisi wapasuaji. Na sisi tumelipata kwa waliotufundisha. Kwa hiyo leo nawagombeza walimu wangu, na mimi mwenyewe nikiwemo, kwa sababu siku hizi niko upande wa pili wa meza. Mnajua nilimaliza udaktari wa meno pale Muhimbili, nikaja huku kusomea ubingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Sasa nafundisha vijana wanaosomea ubingwa huo huo. Hapa wanawaita marezidenti, nami nitawaita hivyo ili tusichoshane.

Ninachodai ni hiki: kwenye magonjwa ya mishipa ya damu ya uso na taya, yale ambayo mtu huzaliwa nayo au humtokea akiwa mchanga, tunawafundisha marezidenti vibaya. Vitabuni wanayajua. Mikononi hawayajui. Na mtu anaweza kufia kwenye pengo hilo, tena kwa kung'olewa jino tu.

Huku ubingwa wetu una tume inayoidhinisha mafunzo, na masharti yake yameandikwa. Kwa kila nafasi ya mwaka wa mwisho lazima zifanyike operesheni kubwa 175, na kati ya hizo zisipungue 20 katika kila fungu la mafungu manne: majeraha, magonjwa kama vile uvimbe, kurekebisha taya zilizokaa vibaya, na kujenga upya uso pamoja na kuurembesha. Kila operesheni iwe na ripoti yake. Hesabu yenyewe siikatai. Ningekuwa mgonjwa nami ningetaka nikatwe na mtu ambaye ameshakata wengi kabla yangu. Lakini hebu itazameni vizuri: ni hesabu ya waliokatwa. Yule mtoto ambaye rezidenti alimshika taya, akaliwekea kifaa cha kusikilizia moyo, akasema "hapa hatugusi mpaka apigwe picha ya mishipa", huyo hana safu yake kwenye daftari. Umeokoa maisha kwa kukiacha kisu mezani, umeandikiwa sifuri.

Kijana anayetaka kumaliza masomo atakimbilia wapi? Atakwenda thieta, kwenye hesabu. Kliniki ya magonjwa ya mishipa, ambako wanakaa daktari wa watoto, wa ngozi, wa damu, wa picha na mpasuaji kumjadili mtoto mmoja nusu saa nzima, ataipita mlangoni. Nami niliipita hivyo hivyo, kwa hiyo najua ninachosema.

Niwasimulie usiku mmoja. Mambo madogo nimeyabadilisha ili mgonjwa asijulikane, ila kiini chake ndicho hicho. Nilikuwa mwaka wa tatu, zamu ya usiku, peke yangu. Analetwa mvulana wa miaka kumi na tatu, taulo mdomoni, na taulo lenyewe limeshaloa mpaka linadondosha. Jino lake la gego la chini lilikuwa limelegea, na ufizi kulizunguka ulikuwa ukivuja damu wiki kadhaa. Daktari wa meno wa mtaani kwao akaona jino limelegea, akaling'oa. Ni kazi ya dakika tano. Damu ikaruka. Haikuwa ile damu ya kuvuja mliyoizoea baada ya kung'oa jino, ilikuwa nyekundu ya kung'aa na inaruka kwa kufuata mapigo ya moyo.

Nilifanya yote niliyofundishwa. Nikajaza gozi kwenye shimo la jino, likasukumwa nje kama kizibo cha chupa ya soda. Nikashona, damu ikatoka pembeni ya uzi. Mama yake yuko mlangoni anaomba kwa lugha yake, na ingawa sikujua neno hata moja nilielewa kila kitu. Nikampigia mpasuaji wa mishipa aje afunge ateri kubwa ya shingoni inayolisha uso, kwa akili ya kwamba ukifunga koki maji yatakoma. Alikuwa ameshavaa glavu pale ilipoingia simu ya daktari wa picha, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Akasema: "Mkiifunga hiyo mnanifungia mlango. Bonyeza kwa kidole, umlete kwangu." Halafu akauliza, "Jino liko wapi?"

Sikuelewa swali. Jino? Jino lilikuwa kwenye pipa la taka la yule daktari wa mtaani. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwenye balaa la namna hiyo kizibo kilicho karibu kuliko vyote ni jino lenyewe: lirudishe kwenye shimo lake, weka gozi juu, mgonjwa aumanishe meno kwa nguvu. Ni jambo la zamani kabisa katika fani yetu. Sikuwahi kulifanya, wala kumwona mtu akilifanya.

Nikabonyeza. Kidole gumba cha mkono wangu wa kulia kilikaa ndani ya taya la yule mtoto saa moja na dakika arobaini, wakati wakimpa nusu kaputi, wakati wakimwongezea damu, mpaka ndani ya chumba cha picha, nimevalishwa aproni ya risasi juu ya nguo zilizoloa. Yule mama akapitisha mrija mwembamba kutoka ateri ya paja mpaka shingoni, akaingia kwenye matawi madogo, na nyingine akaidunga sindano moja kwa moja kwenye taya, akaziba kwa gundi maalumu. Ilipofika alfajiri akaniambia toa kidole. Nikaogopa. Akarudia, toa. Nikatoa, na hapakuvuja hata tone.

Mtoto alipona. Kilichoniuma kilikuja wiki mbili baadaye, kwenye kikao cha kujadili makosa. Picha ya eksrei ya siku ya kung'olewa jino ikawekwa ukutani, na kila kitu kilikuwepo: mfereji wa mshipa ndani ya taya umepanuka na kupinda kama mto Ruvu, na mfupa kuzunguka mizizi umekuwa kama povu la sabuni. Mwalimu akanisimamisha: "Taja hatua nne za Schobinger." Hizo ni hatua za ugonjwa huu, kasoro ya ateri kuungana na vena. Nikazitaja bila kukwama: utulivu, kupanuka, uharibifu, moyo kuelemewa. Akasema vizuri sana, kaa.

Nikapata sifa kwa kukariri! Hatua nne nilikuwa nazo kichwani tangu mwaka wa kwanza, na sikuwahi hata mara moja kuweka kiganja changu juu ya shavu nikasikia mtetemo wa mshipa wa namna hiyo. Wala katika kikao kile hakuna aliyeuliza nani alipaswa kunionyesha.

Haya, tuje kwenye jina, maana nusu ya maradhi iko kwenye jina. Madaktari wengi wana neno moja la kila uvimbe wenye damu: hemanjioma. Mtoto mchanga, hemanjioma. Mzee wa miaka sitini mwenye uvimbe wa bluu kwenye ulimi, hemanjioma. Ni kama kuwaita simba, paka na chui wote "paka" halafu ukaingia bandani. Mwaka 1982 Mulliken na Glowacki wa Boston walitenganisha mambo haya vizuri, na mwaka 1996 chama cha kimataifa cha wataalamu wa kasoro za mishipa, ISSVA, kikaukubali mgawanyo huo, kikauboresha mwaka 2014 na tena mwaka 2018. Kuna uvimbe, ambao chembe zake zinazaliana. Na kuna kasoro ya maumbile, yaani mishipa iliyojengwa vibaya tangu tumboni. Hayo ni maradhi mawili yenye tabia mbili na dawa mbili.

Hemanjioma ya kweli ya watoto mara nyingi huioni siku ya kuzaliwa, au unaona kidoa tu. Inaanza wiki za mwanzo, inakua mbio miezi michache, inasimama, halafu inanywea yenyewe polepole kwa miaka. Kasoro ya maumbile mtoto huzaliwa nayo hata kama haijaonekana, inakua pamoja naye, hainywei kamwe, na inaweza kufura wakati wa kubalehe, wakati wa ujauzito, au ikipigwa. Basi fikirini jina likikosewa. Mzazi anaambiwa "ni hemanjioma, itaondoka yenyewe", anasubiri miaka kumi kitu ambacho hakitaondoka, na taya linaliwa. Mwingine ana uvimbe ambao ungenywea kwa dawa ya maji, anakatwa mdomo akiwa na miezi mitano na kovu analo mpaka siku ya harusi yake.

Na dawa ipo. Mwaka 2008 Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, waliandika kuhusu watoto waliopewa propranololi, ile ile dawa kongwe ya presha na moyo. Mtoto wa kwanza alipewa kwa ajili ya moyo wake, na uvimbe wa usoni ukabadilika rangi siku iliyofuata na kuanza kulainika. Waligundua kwa bahati, lakini walikuwa na macho ya kuiona bahati. Mwaka 2014 Marekani ikaidhinisha dawa yake ya maji kwa watoto wenye ugonjwa huu. (Shangazi, tafadhali, usiende kuinunua duka la dawa ukamkorogea mtoto! Inashusha sukari, inapunguza mapigo ya moyo, inaweza kubana kifua. Inaanzwa na daktari baada ya kumpima, na mtoto anapewa akiwa ameshanyonya.) Propranololi hiyo haiinyweshi kasoro ya maumbile. Jina tena, mnaona?

Zile kasoro nazo hazilingani. Nyingine damu yake inakwenda taratibu, kama ya vena: uvimbe wa bluu, laini, ukiubonyeza unanywea na kujaa tena, mtu akiinamisha kichwa unafura, na kwenye eksrei wakati mwingine unaona vijiwe vya mviringo ndani yake. Hizi mara nyingi hudungwa sindano ya dawa ya kuukausha mshipa kwa ndani, kama bleomisini, na huchukua mizunguko kadhaa. Nyingine ni za limfu, ulimi unakuwa na malengelenge kama mayai ya chura. Halafu kuna hiyo ya mvulana wangu, ateri kuungana na vena bila vile vimishipa vidogo katikati. Hiyo ni ya moto ukiishika, inapiga, inatetema, na ukisikiliza unasikia mvumo.

Kwa nini usifunge mshipa wa shingoni? Mjomba, wewe uliyejenga Mbagala utanielewa upesi. Chukua bomba kuu la mtaa lenye presha, mtu amelitoboa akaliunganisha moja kwa moja na mtaro. Maji yote ya mtaa yanakimbilia mtaroni. Wewe unakuja, unafunga koki kuu. Mtaro unakauka siku mbili, unapiga makofi. Lakini majirani wote wana viunganishi vyao vya chini kwa chini, na maji yanaanza kuja kutoka upande wa pili na wa nyuma, na sasa fundi akitaka kuingia na waya wake kufika pale palipotobolewa, njia umeshaifunga wewe. Tundu bado lipo. Ukilikata nusu nalo linarudi likiwa na hasira zaidi. Dawa ni kuliziba tundu lenyewe kwanza, na kama ni kukata basi ukate lote, baada ya kuziba, ukiwa na damu ya kutosha benki na wenzako wote wameshajiandaa.

Najua wakubwa zangu wa hapa watajibu nini, kwa sababu wameshanijibu. La kwanza: "Magonjwa haya ni nadra, hatuwezi kufundisha kila kitu." Nadra? Hemanjioma ndiyo uvimbe unaoongoza kwa watoto wachanga, inawapata kama wanne au watano katika kila watoto mia, na zaidi ya nusu ya hizo huwa kichwani na shingoni, yaani kwenye eneo letu la kazi. Zile za ateri kwenye taya ndizo nadra, hapo nakubali. Lakini kwani rubani anafundishwa kutua bila injini kwa sababu injini huzimika kila Jumanne? Jambo la kila siku kijana atalijua tu, hata ukilala usingizi. Lile atakaloliona mara moja maishani, na likitokea ana dakika kumi, ndilo linalohitaji mwalimu.

La pili: "Kuna vituo maalumu, wapelekwe huko." Sawa kabisa, na Boston wanacho kimoja cha kuheshimika. Lakini anayewapeleka ni nani? Mgonjwa haamki asubuhi akajipeleka kituo maalumu cha kasoro za mishipa. Anakwenda kwa anayeng'oa meno, kwa sababu jino limelegea. Mtu wa kwanza kulishika taya lile ana koleo mkononi, hana mrija wala picha. Ikiwa hakufundishwa kuuliza "hili jino limelegea kwa nini?", kituo maalumu kitampokea marehemu.

La tatu huwa wanalisema kwa sauti ya chini: muda, na pesa. Kliniki ya watu saba kumtazama mtoto mmoja hailipi kama operesheni. Hili sina jibu lake la kistaarabu kwa hiyo naliacha.

Mnaloweza kuniuliza ninyi ni kwamba nataka nini basi. Nataka daftari liwe na safu ya waliochunguzwa wakaachwa bila kukatwa, na rezidenti aulizwe sababu kama anavyoulizwa kuhusu kisu. Nataka wakae wiki nzima nzima kwenye chumba cha picha za mishipa. Msiniambie haiwezekani, maana kwa nusu kaputi tunawapeleka miezi mizima kwa wataalamu wa nusu kaputi, na wanarudi wakiwa watu wengine. Nataka iwe ibada kwamba uvimbe ulioonekana mweusi kwenye eksrei ya taya haufunguliwi kabla ya kuudunga sindano nyembamba na kuvuta, na ikija damu nyekundu inayosukuma bomba la sindano yenyewe, unaacha, unabonyeza, unamtuma kwenye picha. Hata ukivuta ikatoka tupu usijione umeshinda, uliza tena mkono wako na masikio yako. Na nataka mazoezi ya kuzuia damu yafanyike kama tunavyofanya ya moyo kusimama. Kila mwaka tunabonyeza kifua cha mdoli. Mdoli wa taya linalovuja yuko wapi?

Hilo la mwisho nimeacha kulisubiri. Kuna bucha la Wasomali karibu na ninapoishi, nanunua kichwa cha kondoo (bibi, ni kondoo, wala usiwe na wasiwasi). Natoboa taya chini ya gego, napitisha mpira wa dripu, naunganisha na pampu ya tangi la samaki na ndoo ya maji yenye rangi. Gharama yake haifiki dola sitini. Rezidenti anang'oa jino, naye hajui nimelitega jino lipi. Maji mekundu yanamrukia miwani. Wa kwanza kabisa, kijana mwenye akili nyingi, alifanya nilichofanya mimi: akajaza gozi, akajaza tena, halafu akanitazama. Jino alikuwa ameshalitupa kwenye beseni la taka. Sikumcheka hata kidogo. Nilimwambia aliokote.

Siku hizi meno hayatupwi tena kwenye zamu zangu mpaka damu ikome. Inaonekana ni jambo dogo.

Sasa huko nyumbani. Msije mkadhani nasema ya Marekani nikisahau kwetu, maana kwetu ndiko kunakonikosesha usingizi. Wanaong'oa meno mengi kule wilayani ni matabibu wa meno na wasaidizi wao, watu wa kazi kwelikweli, wenye foleni mpaka nje ya geti. Chumba cha picha za mishipa hawana, na benki ya damu mara nyingine iko mbali kwa saa kadhaa za barabara. Kwao somo hili ni kubwa zaidi kuliko kwa marezidenti wangu, na bahati nzuri sehemu yake ya kwanza haihitaji mashine. Kiganja kinatosha. Je, pana joto? Panapiga? Ufizi unavuja bila uchafu wa kuuelezea? Jino limelegea kwa mtoto ambaye hana ugonjwa wa fizi? Basi weka koleo chini, andika barua ya rufaa.

Na pa kumpeleka siku hizi pamepatikana. Nilipoondoka mimi, kutibu kwa kupitisha mrija ndani ya mshipa huku ukitazama picha hakukuwa na ubingwa wake unaofundishwa Tanzania. Mwaka 2019 mafunzo hayo yakaanza pale MUHAS, wakisaidiana na madaktari waliokuwa wakitoka Marekani kwa zamu. Wapasuaji wa kinywa na taya wanasomeshwa chuo hicho hicho. Kwa hiyo sioni sababu ya kurudia kosa letu la huku, la kuwasomesha watu wa nyumba moja kana kwamba wako nchi mbili. Waanze pamoja. Rezidenti wa taya wa Muhimbili akimaliza akiwa na namba ya simu ya mtu wa mirija kichwani, na akijua kuitumia kabla ya kugusa kisu, atakuwa amenishinda mimi wa mwaka wa tatu kwa mbali.

Turudi kwa mtoto wetu. Binamu, uliniambia kwamba siku ya kuzaliwa mdomo ulikuwa safi na doa lilianza wiki ya tatu. Hilo jibu lako lina thamani kuliko picha zote ulizonitumia. Siwezi kumtibu mtoto kwa simu na sitaki kujifanya naweza, lakini maelezo hayo yanafanana na hemanjioma ya kweli, na ya mdomoni haifai kusubiriwa maana huweza kuchanika na kuwa kidonda kikamshinda kunyonya. Kwa hiyo ninaposema msikate sisemi msifanye kitu. Mpelekeni kwa daktari bingwa wa watoto au wa ngozi wiki hii, na muulizeni kuhusu propranololi kwa jina lake. Mjomba, michango isirudishwe. Itumike kwa nauli, vipimo na dawa, na dawa itakwenda miezi mingi. Yule "daktari mzuri" wa shangazi mwambieni asante, tumeahirisha.

Mama mdogo, nitakupigia Jumapili baada ya saa mbili usiku ya huko. Binamu, picha nyingine mpige mtoto karibu na dirisha mchana, usimpige usiku kwa tochi ya simu, maana kwa tochi kila kitu kinakuwa chekundu. Na Jumatatu napokea marezidenti wapya wawili. Nimeshamwambia yule Msomali aniwekee vichwa viwili.